Nguvu Kazi na Hesabu Zake: Suala la Kupima Mabadiliko ya Kazi Masasi na Newala

UTANGULIZI

Hakuna mpango wa maendeleo unaoweza kutengenezwa bila ya kujua wananchi wanafanya kazi gani. Lakini kujua mtu anafanya kazi gani leo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kujua jana alikuwa akifanya nini, na ni kitu gani kilichomtoa huko na kumleta hapa. Mtu aliyeacha jembe akaenda kukata mkonge, akarudi kwao kupanda mikorosho, kisha uzeeni akawa mlinzi wa usiku mjini, hakuyafanya hayo kwa sababu ya tabia yake ya kutotulia. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake katika uchumi wa wakati huo. Anayetaka kuuelewa uchumi huo hana budi kuyahesabu mabadiliko hayo na kuyaeleza.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kuhesabu watu ni rahisi kuliko kuhesabu mabadiliko. Mtu anaonekana, badiliko halionekani mpaka liulizwe, na jibu lake hutegemea nani ameuliza, ameuliza nini, ameuliza lini na kwa madhumuni gani.

Makala hii inalichunguza suala hilo kwa kutumia historia ya Masasi na Newala. Hoja yetu ni moja. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja wafanyakazi wa sehemu hizo wamehesabiwa kwa njia mbili zinazopingana: njia ya kwanza iliyakuza mabadiliko yao, na ya pili iliyafuta. Njia zote mbili zilizaa maamuzi yaliyowaumiza. Kwa hiyo namna ya kuhesabu si shughuli ya wataalamu peke yao. Ni suala la siasa, na kada anayesoma takwimu bila ya kuuliza zimepatikanaje anaweza kuwapotosha wananchi huku akidhani anawaongoza.

MAZINGIRA YA KAZI

Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde. Udongo wa huko hupitisha maji ya mvua upesi, na juu ya uwanda hakuna mito. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka mteremko kufuata maji mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, kazi iliyokula sehemu kubwa ya siku yao na ambayo hakuna daftari lililowahi kuiita kazi. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katika tambarare yenye vilima vya majabali. Wenyeji wa sehemu hizi ni Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera. Chakula chao kikuu ni muhogo, mtama na mahindi, pamoja na mbaazi na kunde. Mazao yao ya fedha ni korosho, ufuta na karanga.

Mwaka wa mkulima wa huko umegawanyika. Mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na huo ndio wakati wa kulima na kupalilia mazao ya chakula. Mei hadi Agosti ni wakati wa kuvuna, kusafisha mashamba ya mikorosho na kuipulizia dawa. Oktoba hadi Januari ni wakati wa kuokota korosho. Katikati ya nyakati hizo watu hujenga, hufinyanga, husuka mikeka, huchonga, hubangua korosho, huenda kibarua na hufanya biashara ndogo ndogo.

Kutokana na hali hiyo inafaa tupambanue mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Jambo la kwanza ni mzunguko wa kazi katika mwaka: mtu yule yule hupita kazi tatu au nne na kurudi pale alipoanzia. Jambo la pili ni badiliko la kazi katika maisha: mtu huacha riziki moja na kushika nyingine. Hesabu isiyotenganisha mambo haya mawili itampata mtu wa Newala amebadili kazi mara nne kwa mwaka, au itampata hakuwahi kubadili kazi tangu azaliwe. Majibu yote mawili yatakuwa ya uongo.

HESABU YA MKOLONI

Mabadiliko ya kazi hayakuletwa na wageni. Katika karne ya 19 watu wa uwanda na wa Masasi walilima, na pia walikusanya mpira wa mwituni na sandarusi, wakachukua bidhaa hizo hadi bandari za Lindi na Mikindani. Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza waliwaleta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, nao wakaanza maisha mapya ya kilimo na ufundi. Alichokileta mkoloni ni kulazimisha mabadiliko hayo, kisha kuyaandika kwa faida yake.

Kodi ya kibanda ilianza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898. Kodi hiyo ilidaiwa na mtu ambaye shamba lake lilikuwa linamlisha lakini halimpi fedha. Upinzani ulifuata. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilifika Masasi, na misheni ya hapo ilichomwa moto mwaka 1905. Baadaye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliwageuza wakulima kuwa wapagazi, na mwaka 1917 mapigano yalipita katika sehemu hizi kabla ya jeshi la Wajerumani kuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Chini ya Waingereza vijana wengi walishuka kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na wengine walikwenda mbali zaidi. Huko walikutana na mfumo wa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mfanyakazi alipomaliza siku 30 za kukata mkonge alilipwa, hata kama ilimchukua zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda kuzimaliza. Walioandikishwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba. Tulitafakari neno hilo. Limetokana na namba aliyopewa kila mtu. Mkoloni alimpa mfanyakazi namba, lakini hakutaka kujua historia yake. Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika iliunda Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne. Mwaka 1931, bei ya mkonge ilipoanguka duniani, idara hiyo ikavunjwa. Pale wafanyakazi walipoathirika zaidi, mwenye jukumu la kuwahesabu aliondolewa.

Mashamba yaliandika mikataba na vipande. Hesabu ya namna hiyo haihesabu watu. Inahesabu safari. Kijana aliyefanya kazi miezi tisa, akarudi kwao msimu mmoja kulima, akaja tena, akarudi, na kuja mara ya tatu, katika daftari ni watu watatu walioajiriwa na wawili walioacha kazi. Ukijumlisha madaftari ya mashamba yote utapata picha ya watu wasiotulia, wanaohama kama upepo. Kutokana na picha hiyo ilitengenezwa nadharia kwamba Mwafrika hufanya kazi kwa shabaha ndogo tu: akipata fedha ya kodi na ya nguo anaondoka, na ukimwongezea mshahara ataondoka mapema zaidi.

Tuichambue nadharia hiyo. Mshahara ulipangwa kwa kudhani kwamba mfanyakazi ni mtu mmoja asiye na familia, na kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la nyumbani. Kwa kuwa mshahara haukuweza kulisha familia, mfanyakazi alilazimika kurudi kulima. Aliporudi kulima aliandikwa kuwa asiyetulia. Kwa kuwa aliandikwa kuwa asiyetulia, ilisemwa kwamba hastahili mshahara wa mtu wa kudumu. Hesabu ilichukua matokeo ya unyonyaji na kuyafanya kuwa sababu yake. Huo ndio udhaifu wa kwanza: kuhesabu mikataba mahali pa watu, na kuita tabia kile ambacho ni mshahara mdogo.

Mfano mwingine ni mpango wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango huo Kongwa, kisha ukaenea hadi Nachingwea, jirani na Masasi. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi kwenda Nachingwea, na ujenzi wa bandari ya kina kirefu ya Mtwara ukaanza. Ghafla watu wa Kusini walihitajika kuwa madereva, makanika, mafundi wa reli, wapishi, makarani na vibarua wa kufyeka pori. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Kwa walipa kodi wa Uingereza hadithi iliishia hapo. Kwa watu wa Masasi na Newala ndiyo kwanza swali lilikuwa linaanza: yule aliyejifunza kuendesha trekta alikwenda kufanya nini? Daftari la mwajiri huishia siku mfanyakazi anapotoka langoni. Haliwezi kutuambia ni wangapi walirudi kwenye jembe, wangapi waliingia bandarini, na wangapi ufundi wao uliozea kijijini kwa kukosa mashine. Anayetaka kupima mabadiliko ya kazi kwa kutumia vitabu vya waajiri anapima nusu ya safari.

HESABU BAADA YA UHURU

Baada ya Uhuru hatukurithi tena shabaha ya mkoloni, lakini tulikumbana na udhaifu wa pili. Serikali ya wananchi ilitaka kumhesabu kila mtu, na ilifanya hivyo kwa sensa. Sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote zilifanyika mwezi Agosti. Sababu yake ni nzuri: mvua zimekwisha, barabara zinapitika, watu wengi wako nyumbani. Lakini kada wa Newala anajua Agosti ni mwezi gani. Muhogo na mtama vimekwisha shughulikiwa, kuokota korosho hakujaanza. Kinachoonekana Agosti si kile kinachoonekana Novemba. Na mwananchi anapoambiwa ataje kazi moja iliyo kuu, atataja kilimo, kwa kuwa kilimo ndicho kinachompa heshima na haki ya ardhi kijijini, hata kama fedha yake nyingi ya mwaka huo ilitokana na kibarua au biashara.

Tuangalie maana ya jambo hilo kwa zao la korosho. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakulima wa Kusini walipanda mikorosho kwa wingi, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kisha uzalishaji ukaanguka hadi kufikia tani 17,000 hivi msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa kadhaa na zilikuja pamoja. Bei aliyolipwa mkulima ilipungua thamani mwaka hadi mwaka. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua ya mikorosho. Watu walihamishiwa katika vijiji, na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika jambo hilo kwa sababu ya vita vya ukombozi wa Msumbiji mpakani. Wengi walijikuta wanaishi mbali na mikorosho yao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976.

Sasa tumfikirie mkulima mmoja wa mfano, aliyehesabiwa mara tatu. Mwaka 1967 alikuwa na mikorosho inayoanza kuzaa, akajibu, mkulima. Mwaka 1978 alikuwa katika kijiji kipya, mikorosho yake iko mbali na imeanza kuwa kichaka, akajibu, mkulima. Mwaka 1988 anaishi kwa muhogo na kibarua, wanawe wawili wako Dar es Salaam, akajibu, mkulima. Katika sensa zote tatu mtu huyu hakubadili kazi. Lakini katika maisha yake msingi wote wa riziki ulibadilika. Mkoloni aliona mabadiliko matatu pasipokuwa hata moja. Sisi tuliona pasipo na badiliko lolote mahali palipokuwa na matatu.

Je, hapakuwa na njia nyingine ya kujua? Uchunguzi wa kwanza wa nguvu kazi wa nchi nzima ulifanyika mwaka 1965. Wa pili haukufanyika mpaka 1990/91. Katikati kulikuwa na uchunguzi wa mwaka 1971 kuhusu uhamaji, ajira na mapato, uliohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao uliwauliza watu historia ya kazi zao, jambo la maana sana. Lakini ulifanyika mijini. Uchunguzi wa mjini huwapata waliokuja na kubaki. Aliyekuja akashindwa na kurudi Masasi hayumo.

Kwa hiyo robo karne nzima ilipita, yaani miaka ile ile ya kuanzishwa kwa vijiji, ya kuporomoka kwa korosho na ya vita vya Kagera, bila ya uchunguzi wa nguvu kazi wa nchi nzima. Katikati ya giza hilo ilitungwa sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983. Madhumuni yake yalieleweka: kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi. Lakini utekelezaji ulihitaji jibu la swali ambalo halikuwa limepimwa: nani ana kazi na nani hana? Mijini, asiyekuwa na kitambulisho cha mwajiri alionekana mzururaji. Watu walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi.

Walirudi kwa nini? Kwa sababu hawakuwa wavivu. Walikuwa watu waliobadili kazi, na kazi yao mpya haikuwa na jina katika orodha. Miaka iliyofuata jina lilipatikana mitaani kabla ya kupatikana katika takwimu. Vijana kutoka Lindi na Mtwara waliotembeza bidhaa mikononi Dar es Salaam waliitwa Wamachinga, kwa jina la kabila la Lindi, na baadaye kila mchuuzi nchini, awe ametoka Mwanza au Mbeya, akaitwa machinga. Lugha ya wananchi iliandika badiliko kubwa la kazi ambalo dodoso lilikuwa bado linaliandika kuwa “mkulima” kule alikotoka na “hana kazi” kule alikokwenda.

MBINU NA MITEGO YAKE

Tangu 1990/91 uchunguzi wa nguvu kazi umefanyika pia mwaka 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo hatuna budi kuelewa chunguzi hizi zinaweza kutueleza nini na haziwezi kutueleza nini. Kila uchunguzi huchagua kaya zake upya. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Katika kijiji cha watu 100, wakulima kumi wameingia biashara, na wafanyabiashara kumi wamerudi kulima. Uchunguzi wa kwanza na wa pili utaonyesha idadi ile ile ya wakulima na idadi ile ile ya wafanyabiashara. Tutasema hakuna kilichobadilika, na kumbe watu 20 wamebadili kazi. Hesabu ya makundi huonyesha tofauti inayobaki baada ya waingiao na watokao kufutana. Mabadiliko yenyewe huonekana kwa kumfuata mtu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Chukua watu waliokuwa na kazi katika tarehe mbili. Hesabu wale ambao kazi yao ya tarehe ya pili si ile ya tarehe ya kwanza. Gawanya idadi hiyo kwa jumla ya wote. Mitego imo katika maneno ya kanuni hiyo, nayo ni minne.

Mtego wa kwanza ni orodha ya kazi. Orodha yenye makundi machache mapana hupunguza mabadiliko; yenye makundi mengi membamba huyaongeza. Mbanguaji wa korosho kiwandani aliyehamia kubangua nyumbani kwake kwa malipo ya kilo amebadili kazi au hakubadili? Orodha moja itasema ndiyo, nyingine itasema hapana. Zaidi ya hayo, mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa takwimu za kazi uliamua kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake asihesabiwe kuwa ameajiriwa. Nchi inapoufuata uamuzi huo, mama wa Newala anayelima muhogo wa kula hutoka kundi moja na kuingia jingine bila ya kunyanyua mguu kutoka shambani.

Mtego wa pili ni kipindi kinachoulizwa. Swali la siku saba zilizopita na swali la miezi kumi na miwili hayaleti jibu moja kwa mtu ambaye mwaka wake umegawanyika kama tulivyoeleza. Na kumbukumbu ina udhaifu wake. Jaribio la utafiti lililofanyika mkoani Mara mwaka 2014 lilionyesha kwamba wakulima walioulizwa mwisho wa msimu walitaja saa nyingi za kazi katika kila shamba kuliko wenzao walioulizwa kila wiki, takriban mara nne kwa kila mtu na shamba lake. Hawakuwa waongo. Mtu akiulizwa jambo la miezi sita hukumbuka siku za kazi nzito na kuzifanya kipimo cha siku zote.

Mtego wa tatu ni nani anajibu. Mara nyingi mkuu wa kaya huwajibia wote. Jaribio jingine la hapa Tanzania lilithibitisha kwamba takwimu za ajira hubadilika kwa kubadili tu urefu wa dodoso, au kwa kumwuliza mtu mwingine badala ya mhusika mwenyewe. Baba akisema mke wangu hana kazi, yuko nyumbani tu, basi maji, kuni, shamba la muhogo, kubangua korosho na kuuza vitumbua vyote vimefutwa kwa sentensi moja. Na kilichofutwa hakiwezi kubadilika.

Mtego wa nne ni makosa ya uandishi. Tuseme katika watu 100 hakuna hata mmoja aliyebadili kazi, lakini karani hukosea alama ya kazi kwa watu watano katika kila mwaka. Ukilinganisha miaka miwili utapata karibu watu kumi “waliobadili kazi”. Jambo hili limetokea hata katika nchi tajiri. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kimekuwa kikifuatilia familia zile zile tangu 1968. Majibu ya kazi ya miaka ya mwanzo yalipokuja kuandikwa alama upya, kwa kusoma majibu ya mtu mmoja ya miaka yote kwa pamoja, sehemu kubwa ya mabadiliko yaliyodhaniwa kuwapo ilitoweka. Yalikuwa mabadiliko ya makarani.

KUMFUATA MTU

Dawa ya mitego hii, kwa kadiri inavyowezekana, ni kumfuata mtu yule yule na kumwuliza yeye mwenyewe. Tanzania ina mfano unaojulikana duniani. Mkoani Kagera zaidi ya kaya 900 zilichunguzwa mwaka 1991 hadi 1994, kisha watu wake wakatafutwa tena mwaka 2004, wawe wamebaki kijijini au wamehamia mkoa mwingine au nchi jirani. Ilionekana kwamba matumizi ya waliohama yaliongezeka kuliko ya waliobaki kwa takriban asilimia 36 zaidi. Lau watafiti wangewauliza waliobaki tu, wangeandika kwamba maisha yameboreka kidogo sana, na hadithi kubwa ya mkoa huo ingewaponyoka. Mwaka 2008/09 ulianza pia uchunguzi wa taifa unaofuatilia kaya zile zile, ukianza na kaya 3,265 za Bara na Visiwani.

Hata hivyo kumfuata mtu hakutoshi ikiwa mtu huyo hawezi kusema ukweli bila ya hofu. Historia ya karibuni ya korosho inatufundisha hilo. Wakulima walirudi kwenye mikorosho baada ya dawa ya salfa kuudhibiti ubwiriunga na soko kufunguliwa. Mwaka 2007 ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani, na msimu wa 2017/18 uzalishaji ulipita tani 300,000. Novemba 2018, bei ilipokwama, Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ukafuata uhakiki wa kuwatenganisha wakulima na wanunuzi wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye dhiki kwa bei ndogo, nje ya mfumo. Wakati huo mtu angetaja kazi yake kuwa kangomba kwa nani? Kila mmoja alikuwa mkulima. Kazi inayomtia mtu hatarini haitajwi mbele ya mdadisi, na takwimu zitaonyesha utulivu pale ambapo watu wanabadilika upesi zaidi.

Nasi tusimhukumu upesi mtu huyo. Kangomba haikuanzishwa na mtu mmoja mwenye roho mbaya. Inakua pale malipo ya chama yanapochelewa na ada ya shule haisubiri. Kuipima ni kuipima dhiki inayoizaa.

HITIMISHO

Tumeona kwamba mkoloni alihesabu safari za mfanyakazi na kumwita asiyetulia, kisha akatumia jina hilo kumlipa kidogo. Tumeona pia kwamba hesabu yetu wenyewe ilimwita kila mtu mkulima, na kwa hiyo mkulima alipolazimika kuwa mchuuzi tukamwona mzururaji. Kosa la kwanza lilitokana na maslahi ya mnyonyaji. La pili lilitokana na kutouliza. Kwa aliyekamatwa mjini na kupakiwa katika lori, tofauti ya asili ya makosa hayo ilikuwa ndogo.

Kada wa leo afanye nini? Kwanza, kila anaposoma kwamba watu wa wilaya fulani wanabadili kazi sana au kidogo, aulize: kazi zimegawanywa katika makundi mangapi, kipindi gani kimeulizwa, nani alijibu, na je, ni watu wale wale? Takwimu isiyoweza kujibu maswali hayo haifai kubebwa jukwaani.

Pili, daftari la wakazi wa kijiji lisiwe na nafasi moja tu ya kazi. Liandike kazi ya wakati wa mvua na kazi ya wakati wa korosho. Liandike kazi iliyotangulia na sababu ya kuiacha. Na aandikwe kila mtu mzima, mwanamke na mwanamume, kwa kuulizwa mwenyewe. Aliyehama asifutwe kwa mstari. Iandikwe alikokwenda.

Tatu, na hili ndilo kubwa, swali la kazi litenganishwe na swali la kodi, la uhakiki na la adhabu. Tangu kodi ya kibanda ya mwaka 1898, watu wa Masasi na Newala wamejifunza kwamba mtu anayekuja na kalamu kuuliza unafanya kazi gani huwa anataka kuchukua kitu. Mpaka mwananchi aone kwamba safari hii aliyekuja kuuliza ameleta maji, dawa ya mikorosho au malipo ya wakati, ataendelea kujibu neno lile lile moja, mkulima, na sisi tutaendelea kuliandika na kudhani tumemjua.